Kamba ya Katani Niliyomsukia Bibi

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa stoo ya karakana ya Mikumi, nikasaini, nikavua ovaroli. Tangu siku hiyo mikono yangu imekuwa misafi mpaka inanitia aibu, kama ya mgeni aliyekuja kwenye harusi. Nyinyi vijana mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi. "Mama Mwanaidi, hata kurasa mbili tu," mlisema. Basi ninaandika. Ya vyeo na mishahara sitayagusa, maana hayakuwa ya kusisimua na hata mimi nimeyasahau. Nitaandika kuhusu oili inayovuja. Nimehangaika nayo maisha yangu yote ya kazi, na mpaka leo inaniacha mdomo wazi. Oili hupita mahali ambapo wembe hauingii. Unafunga mbele, inatokea nyuma. Sijawahi kuizoea.

Nilianza kazi kwenye shamba la mkonge kule Rudewa, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ufundi. Karakana ilikuwa banda la mabati kando ya korona, ile mitambo ya kukwangua majani ya mkonge yatoke katani. Ovaroli niliyopewa ilitosha watu wawili. Nilielekezwa kwa Fundi Chilewa, Mkaguru wa Kidete, mfupi, mwenye vidole vinene na sauti ya chini. Alikuwa ameinama juu ya trekta la buluu linalonguruma, na madereva wanne wamekaa kwenye magogo wakisubiri kuona msichana atafanya nini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umetumwa kufagia au umetumwa kwangu?"

"Nimetumwa kwako."

"Ufagio upo pale, ukibadili mawazo. Njoo."

Alifungua kifuniko cha tundu la kutilia oili juu ya injini, injini ikiwa inaendelea kuunguruma, akaniambia niweke kiganja. Nilidhani ananifanyia mzaha, kwa sababu madereva walikuwa wameshaanza kucheka. Nikaweka. Kiganja kilipata joto, halafu nikasikia hewa ikinigusa, pu, pu, pu, laini kabisa. Nilishtuka nikataka kutoa mkono. Miaka miwili nilikuwa nimechorewa injini ubaoni, na hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba inahema.

"Unasikia nini?"

"Inahema."

"Kwa upole au kwa hasira?"

"Kwa upole."

"Basi leo mzima. Siku ukiletewa trekta inavuja, kabla hujashika spana, weka mkono hapo. Uliza pumzi kwanza."

Akanieleza kwa maneno machache, kama kawaida yake. Pistoni zikishuka, hewa kidogo hupenya na kuingia chini kwenye oili. Hewa hiyo lazima itoke, na njia yake ni kibomba kidogo ubavuni mwa injini kinachoitwa brida. Brida ikiziba, hewa inaanza kusukuma, na oili inatafuta mahali popote palipo dhaifu ikimbilie nje. Fundi asiyejua hili atabadilisha gasketi, zile karatasi za kuzibia maungio, mpaka azeeke. Madereva waliacha kucheka, nami nilishinda siku ile nzima nikikiangalia kiganja changu.

Trekta lile waliliita Bibi, kwa kuwa halikukubali kuharakishwa na mtu, na ungelijua kwa kiraka cha kuchomelea kwenye madigadi ya kushoto. Kwa Bibi ndiko nilikojifunza karibu kila kitu. Fundi Chilewa alikuwa na namna yake ya kutafuta mahali oili inapotokea. Aliosha injini yote kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, kisha akaipuliza unga wa chaki. Mke wake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akimkusanyia vipande vya chaki kwenye kopo la maziwa, na watu walikuwa wakimtania kwamba anakula elimu ya watoto. Injini ikishakuwa nyeupe yote, aliiwasha, akachuchumaa, akaegemeza kidevu kwenye ngumi. Hasemi. Hakohoi. Baada ya muda kinatokea kidoa cheusi kidogo kama mbegu ya mchicha, naye anakionesha kwa kidole. "Pale." Nilikuwa nikijiona mchawi mdogo kwa kukaa karibu yake.

Kesi iliyonifunga kwenye kazi hii ilikuja msimu wa pili. Bibi alianza kuvuja nyuma ya injini, pale krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inapotokea kukutana na klachi. Oili ikilowesha klachi, trekta linanguruma tu bila kwenda. Matrekta mengine mawili yalikuwa yameshakufa, na majani ya mkonge yakishakatwa hayasubiri. Yakichelewa kufika korona, katani inakuwa na madoa. Tuliweka mkono, pumzi ilikuwa ya upole. Ikabidi tumpasue Bibi katikati, injini huku, nyuma kule, tukamlaza juu ya mataruma ya reli. Tukaona kamba ya kuzuia oili, ile inayokumbatia krenki, imekwisha kabisa. Iliombwa mpya Dar. Jibu lilikuwa tusubiri.

Fundi Chilewa alikaa mbele ya Bibi asubuhi nzima. Mchana akanitazama kichwani.

"Mwanaidi, hizo nywele ulisukwa na nani?"

"Nimesuka mwenyewe, fundi."

"Bila kioo?"

"Bila kioo."

Akainuka, akaenda korona, akarudi na konzi ya katani nyeupe iliyochanwa vizuri. Akaniambia nisuke nyuzi nne, duara, nyembamba kama kalamu ya risasi, na nikaze mpaka vidole viume. Yeye alivionesha vile vidole vyake vinene kama mtu anayeonesha cheti cha hospitali. Nilisuka nikitokwa jasho. Yeye alinunua mafuta ya ng'ombe kwa wafugaji, akayayeyusha kwenye sufuria, akavunja betri za redio, akatoa vile vijiti vyeusi vya kaboni na kuvisaga mpaka vikawa unga. Kamba ikachemka humo hadi jioni. Harufu ilisambaa shamba zima, na mkataji mmoja wa mkonge alifika mlangoni akiwa na sahani yake.

Kesho yake tuliipachika kamba ile kwenye mfereji wake kwa kuipigapiga na kipande cha mti, tukamfunga Bibi, tukaosha, tukapuliza chaki, tukawasha. Tukachuchumaa wote wawili. Chaki ilibaki nyeupe. Tulisubiri, ikabaki nyeupe. Nilipiga kelele mpaka watu wa korona wakadhani nimekatwa mkono. Fundi Chilewa alisema tu, "Haya, nawa mikono ukale." Lakini mimi sikula. Nilitoka nje nikaangalia shamba la mkonge, mistari na mistari ya majani yaliyosimama wima, nikafikiri kwamba uzi uliotoka humo, tena nilioushika mimi, sasa umekumbatia chuma kinachozunguka kwa kasi na unaikatalia oili kutoka. Nilijawa na hofu ya ajabu, ile ya kumfanya mtu ataje jina la Mungu.

Mkonge ulififia, kama mnavyojua. Matrekta yaliuzwa, Fundi Chilewa akarudi kwao Kidete kulima, mimi nikahamia gereji za Kilosa mjini na hatimaye hapa Mikumi. Nimeziba oili ya malori ya barabara kuu, ya jenereta, ya mashine za kusaga. Niliwahi kuletewa trekta ambalo mwenyewe aliliziba sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa mche mzima wa sabuni, na lilipopata moto likatoa povu barabarani watu wakakimbia. Gasketi nimekata kwa majalada ya kalenda, kwa kuweka karatasi juu ya chuma na kugongagonga ukingo kwa nyundo ndogo, kama alivyonionesha Fundi Chilewa. Kila trekta nililoletewa niliweka kwanza mkono. Kila trekta, isipokuwa moja.

Februari hii mlikuwapo. Mama Semeni, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima cha Kisanga, alifika na trekta la buluu likivutwa na lori la mchanga. Nilipoona kile kiraka cha kuchomelea kwenye madigadi ya kushoto, nilimkimbilia. Alikuwa Bibi. Kabadilishwa matairi na kiti, lakini Bibi ni yuleyule.

"Shikamoo, fundi," alisema Mama Semeni. "Huyu ndiye tuliye naye, hatuna mwingine. Mwaka jana alituharibikia, tukalima kwa jembe la mkono, tukachelewa, mahindi yakawa majani matupu. Wenzangu wamesema masika haya yakitukuta hatujalima, wanamuuza chuma chakavu na kikundi kinakufa. Mvua haiko mbali. Nina siku kumi."

Oili ilikuwa inadondoka nyuma, chini ya klachi, palepale. Kwa furaha ya kukutana naye nikawasimulia habari ya kamba, na mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, akasema, "Kumbe Bibi kasuka rasta kwa ndani!" Karakana nzima ikacheka. Nilicheka nami, lakini ilinichoma. Nilijiona kizee aliyeweka nywele kwenye injini. Nikamwambia Mama Semeni kwa sauti ya ufundi kabisa, "Ni ile kamba yangu ya zamani. Imechoka. Lazima tumpasue."

Sikuweka mkono. Ninaandika hili kwa herufi zilezile ninazoandikia mengine, msije mkasema nililificha. Na dalili niliziona. Kifuniko cha juu ya injini, cha tapeti, nacho kilikuwa kinatoa jasho la oili. Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kimejiinua chenyewe kwa upana wa kidole. Nilikisukuma kwa dole gumba kikarudi chini, kama mtu anayemziba mdomo mtoto anayetaka kusema jambo mbele ya wageni.

Siku tatu zilikwenda kwenye kupasua. Siku ya nne nilitoa klachi, nikafika kwenye kamba, nikaanza kuivuta kwa waya wenye ndoano. Ilikataa. Nikaichana, nikaitoa vipandevipande, nikijisemea kwamba imeganda kwa uzee. Kipande cha mwisho kilitoka kirefu kama kiganja. Nikakifuta. Kilikuwa cheusi, kinang'aa, kimekaza. Nikakibonyeza kwa ukucha, kikabonyea na kurudi. Hakikuwa kimechoka hata kidogo. Hapo ndipo nilipokumbuka kiganja.

Nilizunguka ubavuni mwa injini, nikaingiza waya kwenye brida. Haukuingia. Nikaifungua, nikaigonga sakafuni, likadondoka tope lililokauka, gumu kama tofali. Ilikuwa nyumba ya nyigu. Kiangazi chote Bibi alikuwa amesimama chini ya banda Kisanga, na nyigu alijenga humo vyumba vyake, vinne, kila kimoja kimejazwa buibui wakavu kwa ajili ya watoto. Mliniona nimekaa chini na lile tope mkononi, mkadhani nimeugua. Nilikuwa ninashangaa tu. Mdudu wa ukubwa wa ukucha alikuwa amezuia pumzi ya injini inayovuta jembe la sahani tatu, na alikuwa amejenga kwa ustadi kuliko mimi nilivyobomoa. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Hasira yote iliishia kwangu.

Mama Semeni alikuja jioni hiyo kuuliza hali. Ningeweza kumdanganya, asingejua.

"Mama Semeni, nimekosea. Ile kamba ilikuwa nzima. Bibi alikuwa amezibwa pumzi na nyigu, kazi ya robo saa. Mimi nimempasua bure, na kamba nimeichana."

Alikunja ncha ya kanga.

"Sasa anapona au haponi?"

"Ugonjwa wake umeshapona. Kilichobaki ni jeraha nililomtia mimi."

"Dukani haipatikani?"

"Nimepiga simu Morogoro, nimepiga Dar. Ya injini hii hawana."

"Hiyo ya zamani mliitengeneza kwa nini?"

"Kwa katani."

Akanitazama kama mtu aliyeombwa maji na jirani anayekaa kando ya mto. "Fundi, mpaka wa shamba langu wote ni mkonge."

Alirudi na wanawake wawili wa kikundi na kifurushi cha majani. Waliyakwangua kwa mgongo wa panga juu ya ubao, wakaosha, wakaanika kwenye waya wa uzio wa karakana, na nyinyi mkalalamika kwamba hamna pa kutundika ovaroli. Nilipokaa kusuka, vidole vilinisaliti. Viungo vimevimba siku hizi, nakaza kidogo uzi unaniponyoka. Nilijaribu mara tatu. Mama Semeni akanipokonya bila adabu yoyote.

"Niambie tu nyuzi ngapi."

"Nne. Duara. Kaza mpaka vidole viume."

"Mimi nimesuka mabinti watano wenye vichwa vigumu. Haijakaza mpaka waseme wao ndio wanaoumia."

Alisuka, wenzake wakimkosoa, naye akiwajibu bila kuinua macho. Mafuta ya ng'ombe tulipata buchani. Betri ndizo zilizosumbua, maana redio za betri nazo zimestaafu, mpaka mlinzi alipotoa za tochi yake. Harufu ilikuwa ileile ya Rudewa. Hakuna aliyekuja na sahani. Nyinyi mnakula chipsi.

Tulimfunga Bibi siku ya tisa, upepo wa mvua ukiwa umeshaanza kupeperusha mabati. Alipowaka, niliweka kiganja mbele yenu wote, na nikamwita Mama Semeni aweke chake. Akashtuka, akacheka, akakirudisha tena. "Kumbe anahema jamani!" Ilikuwa pumzi ya upole. Kisha chaki. Nikachuchumaa, magoti yakilia, nikaegemeza kidevu kwenye ngumi. Muda ulipita mrefu kuliko siku zote tisa, na chaki ilibaki nyeupe. Vigelegele vya Mama Semeni vilisimamisha lori barabarani. Bibi aliondoka alasiri ileile kwa miguu yake, na mvua ilianza wakiwa wamebakiza shamba moja tu, la Mama Semeni, alilokuwa amelipanga mwisho. Walingoja ikatike, wakalimaliza.

Baada ya kurudisha ufunguo nilipanda treni Kilosa nikashuka Kidete. Fundi Chilewa yu hai. Macho yamefunga ukungu, lakini anakaa wima, na mkewe bado anaweka vitu kwenye kopo la maziwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Huyo Mwanaidi?"

"Ndiye mimi."

"Umekuja kufagia?"

Nilicheka mpaka nikasahau nilivyoogopa njia nzima. Halafu nikamweleza yote, Bibi, kamba, nyigu, wanawake wa Kisanga. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilijua swali linakuja, na lilikuja.

"Pumzi uliuliza kwanza?"

"Hapana, fundi. Sikuuliza."

Machozi yalinitoka, mimi mtu mzima mwenye wajukuu. Akanyoosha mkono, nikampa kile kipande kirefu cha kamba, nilichokuja nacho. Alikipitisha kati ya vidole vyake vinene, taratibu, kisha vikasimama.

"Hapa," alisema. "Uliruka uzi."

Nilikichukua, nikapapasa. Ni kweli. Uzi mmoja ulikuwa umepita juu ya mbili badala ya mmoja. Miaka yote ile.

"Uliona siku ile?"

"Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefumua yote, na katani nzuri ilikuwa imekwisha. Nikasema tuifunge, tuone."

"Tuone mpaka lini, fundi?"

"Mpaka umeitoa wewe."

Akacheka, meno mawili tu yaliyobaki. Akakitia kile kipande kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaniuliza kama nyuma ya Bibi kungali kukavu. Nikampigia simu Mama Semeni hapohapo. Alikuwa shambani, Bibi akinguruma nyuma yake, na ilibidi apaze sauti ili mzee asikie mwenyewe kwamba ni pakavu.